Siku Mama Alipoinuka Mkekani

Pale Nyegezi kuna mama mmoja wa kanisani, muuza dagaa, ambaye mpaka leo akiniona naja anavuka barabara, anasubiri nipite, kisha anarudi upande wake na kuendelea na safari, na mimi simlaumu, kwa sababu alikuwepo siku ile Kigongo na alinisikia kwa masikio yake nikitangaza kwenye kipaza sauti, mbele ya umati, mbele ya mke wangu na wanangu, kwamba mama yangu mzazi ni mzima kama chuma na ugonjwa wake nimeutunga mimi mwenyewe. Nimefanya mengi ya aibu katika biashara (niliwahi kumuuzia shemasi suruali ya kike nikaapa kwamba ndiyo mtindo mpya wa Ulaya), lakini hayo mengine huwa nayasimulia nikicheka. Hili la Kigongo nalisimulia nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Ilikuwa miaka ile ya tisini katikati, televisheni ndiyo kwanza zinaingia, na mtaani kwetu aliyekuwa nayo ni mwenye duka mmoja aliyeigeuzia dirishani ili watu wasimame nje watazame, wakisikia kiu wanunue soda yake. Mimi nilikuwa nauza mitumba. Nafungua belo, nachambua, nahesabu, nahesabu tena (sijui tabia hii niliitoa wapi, hata wanangu nikiwapandisha gari nawahesabu mara mbili, na wako watatu tu). Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba kuna watu wa Dar wanatengeneza kipindi cha televisheni cha mambo ya Injili, wametafuta ziwa lenye mawe linalofanana na lile la Galilaya wakaona letu linafaa, na sasa wanataka familia za kuigiza umati, ile jioni ambapo watu waliwaleta wagonjwa wao wote wakaponywa. Waje familia nzima, akasema, bibi mpaka mjukuu, na mashuka ya kujitanda, ndala na saa waache nyumbani. Ujira ni unga, soda na chakula cha mchana. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba familia itakayokuja na mtu wa kuigiza mgonjwa itakaa mbele kabisa na kupewa blanketi.

Mke wangu, Mama Suzi, aliniona nikikaa sawa kwenye benchi.

"Nani ataumwa?" akaninong'oneza.

"Mama."

"Mama yupi? Yule aliyelima shamba lote la viazi peke yake?"

Ni kweli, mama yangu alikuwa Kisesa, na hakuwa mtu wa kuumwa. Nilimfuata Jumatatu nikamkuta anapasua kuni. Nikamwamkia, akaitika bila kuacha kazi, nikamweleza habari ya kipindi, mawe, Galilaya, unga. Alipasua kwanza gogo moja zima.

"Mabula," akasema, "ugonjwa hauigizwi. Nao unasikia."

"Mayu, ni sinema tu." (Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, na mimi humwita hivyo ninapotaka kitu.)

"Wewe unajua ni sinema. Huo ugonjwa nao umeambiwa?"

Tukapatana. Mama anajua kupatana kuliko mimi, kwake ndiko nilikojifunzia. Akakubali homa tu, homa nyepesi ya mtu aliyekaa, na blanketi likawa lake. Nilirudi Nyegezi nimeridhika, na hapo ningeacha mambo yalivyo nisingekuwa na mkasa wa kusimulia. Lakini siku mbili kabla ya safari yule mtayarishaji, kijana wa Dar aliyeitwa Amosi, mwenye kofia na simu isiyokuwa na mtandao, alipita kanisani kupanga watu, nikamsikia akisema kwamba wenye homa watakuwa wengi, hao atawapitishia kamera juu juu, anayemtaka hasa ni mmoja aliyepooza miguu, atakayelala mkekani, aitwe kwa jina, ainuke atembee. Nikamvuta pembeni. Nikamuuliza aliyepooza anapata nini zaidi. Akasema kama ni blanketi, basi mawili. Nikamwambia mama yangu ana kipaji cha kulala. Ndivyo nilivyompandisha mama yangu kutoka homa hadi kupooza, kwa blanketi moja la ziada, na nikatembea kurudi kibandani kwangu nikijiona mjanja.

Tulitoka Nyegezi alfajiri, pamoja na mama aliyelala kwetu usiku huo, kwa lori la wale watu wa televisheni, tukashuka karibu na Kigongo, feri inakopakia magari ya kuvuka kwenda Busisi, kisha tukaongozwa kwa miguu kufuata ufuko mpaka kwenye ghuba ndogo yenye mawe makubwa yaliyopandana. Amosi alisema tutakuwa watu wa kwanza kufika. Hatukuwa wa kwanza. Walikuwepo watu pale, wengi, wamekaa katikati ya mawe na juu ya mchanga, kimya, na hakuna aliyegeuka kututazama isipokuwa watoto. Niliwahesabu haraka haraka, nikawahesabu tena, na mara ya pili walikuwa wameongezeka, kwa sababu wengine walikuwa bado wanashuka kutoka barabarani, wamebeba watu migongoni, wamebeba watu kwenye baiskeli, na watu wanne wamebeba kitanda cha kamba na juu yake kuna kitu kirefu kilichofunikwa kanga.

"Makanisa yamejitahidi," Amosi akasema kwa furaha. "Na mavazi yao angalia, safi kabisa. Wala sitakiwi kubadilisha."

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Nilikuwa naangalia sufuria. Kila familia ilikuja na sufuria, na mtungi au ndoo, na mzigo wa kuni. Sisi tuliokuja na lori tulikuja na mashuka matupu kwa sababu tumeahidiwa chakula. Mtu anayekuja kuigiza habebi kuni. Kuni wanabeba watu wanaompeleka mgonjwa wao mahali wasipojua watakaa muda gani.

Nilimwambia Mama Suzi. Akaangalia kuni, akamvuta mtoto mdogo karibu naye, akasema tu, "Baba Suzi, twende nyumbani." Nikamwambia mablanketi ni mawili.

Mama, aliyeambiwa habari ya kupooza tukiwa tayari lorini, alilazwa mbele kabisa, mkekani, miguu imenyooshwa na kufungwa pamoja kwa kitambaa ndani ya shuka ili isijisahau ikasogea (wazo langu). Amosi akatupa maelekezo. Yesu atatoka ziwani kwa mtumbwi, atashuka, atapita katikati ya wagonjwa, atafika kwa mama, atamwita mara tatu, na mara ya tatu mama atainuka. Yesu mwenyewe alikuwa Mwalimu Elisha wa kwaya yetu, aliyefuga ndevu kwa ajili hiyo, mtu mpole anayeogopa hata bata, na chini ya ile kanzu nyeupe alikuwa amevaa suruali ya jinzi niliyomuuzia mimi. Walikuwa wameshampeleka ng'ambo ya ghuba na mtumbwi wake. Kilichobaki ni jua kuinuka kidogo tufanye mazoezi.

Ndipo magugu maji yalipoingia. Nyie mnayajua, miaka ile ziwa lilikuwa limevamiwa, lakini kuyajua ni kitu kimoja na kuyaona yakitembea ni kitu kingine. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa wazi tunayaona, halafu ile kijani ikawa imeziba mdomo wa ghuba, halafu ikawa karibu zaidi, na hakuna aliyeweza kusema kwamba aliiona ikisogea. Kufika saa tano ghuba yote ilikuwa kama uwanja wa majani, na katikati yake, mbali kiasi cha kutosikia sauti, Mwalimu Elisha amesimama mtumbwini na kanzu yake nyeupe, hawezi kuja, hawezi kurudi. Nyuma yake, kwenye maji ya mbali, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa mamilioni walikuwa wameinuka kama moshi, nguzo moja nyeusi, ndefu, imesimama tu. Kutoka pale ufukweni ilionekana kana kwamba imesimama begani kwake.

Amosi alituma wavuvi wakamkatie njia kwa pondo, akatuambia tusubiri mahali petu, asiondoke mtu. Tukasubiri. Adhuhuri ikapita. Kile chakula cha mchana kilipikwa kwa watu wa lori tu, kikagawiwa wote, kila mtu matonge mawili. Wale wengine walikula bila kuuliza. Hawakuuliza kitu chochote siku nzima, na ukimya wao ulikuwa mzito, una kikohozi ndani yake. Kikohozi cha kuigiza nakijua, kina madaha, kinataka kusikika. Hiki kilikuwa kinafichwa kwenye nguo.

Jirani yetu wa mkekani alikuwa mwanamume wa rika langu anayeitwa Ngeleja, ametoka upande wa pili, Sengerema ndani huko, na binti yake mmoja, Minza, wa kama miaka minane, amemlaza juu ya gunia. Yule mtoto alikuwa anapumua haraka haraka kama ametoka kukimbia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama chaki.

"Mama ana muda gani?" Ngeleja akaniuliza.

"Muda gani wa nini?"

"Tangu asimame."

Nikasema ni muda. Akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, na akanipa kipande cha kiazi.

"Mimi nilikuwa nampeleka hospitali mjini," akasema. "Zahanati walisema damu imeisha, nimpeleke akaongezwe. Lakini kwenye feri watu wakasema kuna mponyaji leo anakuja kwa mtumbwi hapa hapa Kigongo. Nikaona Mungu amenifupishia njia."

Nikamsogelea. "Ndugu yangu, haya ni maigizo. Ni televisheni. Yule pale mtumbwini ni mwalimu wa kwaya."

Akanitazama, kisha akamtazama mama aliyelala amefumba macho. "Na mama yako naye anaigiza?"

Amosi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu, na sharti lake lilikuwa kwamba atakayeharibu uigizaji familia yake inakosa vyote. Nikajifanya namfunika mama shuka. Ngeleja akanigusa bega kama mtu anayemsamehe mwenzake kwa uchungu uliomzidi, akarudi kumpepea mwanawe.

Niliinama kwa mama nikamfinya mguu, kumtania. Ulikuwa baridi. Baridi ya jiwe la chini, lile lisilopigwa na jua. Nikamfinya tena kwa nguvu na hakushtuka, hata kope haikucheza, nikajiambia mama huyu kumbe ana kipaji kweli.

Mtumbwi ulifika jua likiwa linazama. Mwalimu Elisha alishuka akiwa amelowa mpaka kiunoni, midomo imempauka, na Amosi akapaza sauti kamera ianze kwa sababu mwanga ulikuwa unakwisha. Tulikuwa tumeelekezwa kwamba umati utapiga vigelegele. Hakuna aliyepiga. Watu walianza kuja, wa kutambaa wakitambaa, wa kubebwa wakibebwa, kutoka nyuma ya mawe ambako sikuwa nimewahesabu kabisa, bila sauti, mpaka wakamzunguka, na mikono ikaanza kuishika ile kanzu. Haikuvuta. Iliishika tu. Mwalimu alisahau maneno yake yote. Nilimwona akitafuta uso wa mtu anayemfahamu, akaniona mimi, akajisogeza akiburuta wote wale mpaka mkekani petu.

"Baba Suzi," akaninong'oneza, "hawa wanaumwa kweli."

"Najua. Mwite mama tumalize."

"Mmoja ameniomba nimrudishie mumewe."

"Mwalimu, mwite mama."

Nyuma yetu Amosi alikuwa akimwambia mpiga picha kwamba watu wa Dar hawawezi kuigiza hivi hata uwalipe mshahara. Mwalimu Elisha akanyoosha mkono, akamwita mama jina lake. Mara ya kwanza.

Mama akainuka.

Hakushika chini. Hakujikunja kama wazee wanavyoinuka, mkono kwenye goti, kiunoni, pumzi. Alikuwa amelala, kisha alikuwa amesimama, na kile kitambaa nilichomfunga miguuni kilikuwa kimebaki mkekani na fundo lake. Alisimama akitazama juu ya kichwa cha Mwalimu, kule ziwani. Kisha akatembea, hatua za pole pole, kama anapita nyumbani kwa mtu mwingine gizani.

Umati ulivuta pumzi kwa pamoja. Sauti ile mimi bado naisikia wakati mwingine nikiwa nafungua belo. Halafu wakamiminika, na Amosi akapiga kelele kwamba inatosha, kata, kata, na hakuna aliyejua kukata maana yake nini. Mwalimu Elisha alichomoka akaacha kanzu mikononi mwao, akakimbia na jinzi yake mpaka kwenye gari la vyombo, akajifungia ndani na kufunga vioo.

Nilipogeuka nilimwona Ngeleja amefungua mzigo wake. Alikuwa anapanga mawe matatu ya jiko.

"Unafanya nini?"

"Napika uji. Tutalala hapa. Kesho atarudi, itakuwa zamu ya Minza."

"Hatarudi. Ngeleja, nisikilize, mpeleke mtoto hospitali, lori linaondoka sasa hivi, nitakuombea nafasi."

"Nimemwona mama yako kwa macho yangu," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Nisubiri kitu gani kingine nione?"

Nikawatazama wengine. Moshi ulikuwa umeanza kuinuka kila mahali katikati ya mawe. Wote walikuwa wanawasha moto. Minza alikuwa amegeuza uso kunitazama, na midomo yake ilikuwa na rangi moja na mashavu.

Kipaza sauti cha Amosi kilikuwa juu ya sanduku. Nikakichukua, nikapanda juu ya jiwe lililoingia majini ili wote wanione, na nikasema. Nilisema kila kitu. Nikasema mama yangu hakupooza, mama yangu ni mkulima wa Kisesa, juzi nimemkuta akipasua kuni, nimemlaza mimi kwa sababu ya mablanketi mawili. Nikasema yule mponyaji ni mwalimu wa kwaya, na jinzi aliyokimbia nayo nimemuuzia mimi, hapa mfukoni ina kiraka. Nikawaambia waende hospitali. Sauti yangu iligonga mawe ya upande wa pili ikanirudia, mablanketi mawili, mablanketi mawili, na hapo ndipo nilipoanza kuisikia aibu yenyewe.

 Kisha mama mmoja mzee akauliza taratibu, "Huyo ni mwanawe kweli?"

"Ni mwanawe," akajibu yule muuza dagaa wa kanisani kwetu, aliyekuja na lori letu na aliyejua fika kwamba mama haumwi. "Namfahamu. Hata nguo anauza kwa uongo. Mama yake ametendewa, yeye anaona wivu na sisi tusitendewe."

"Dada, si wewe uliyekaa naye kwenye lori, akiwa mzima?" nikamuuliza.

"Nilikaa naye. Na nimemwona alivyoinuka. Kule kuinuka si kwa mtu mzima wala si kwa mgonjwa. Shuka hapo, Baba Suzi, unatutia aibu."

"Shuka, Baba Suzi," akasema na mke wangu, kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Bonge la magugu likanipiga kifuani, limelowa maji, na mizizi yake mirefu myeusi kama nywele. Sikuona nani amerusha. Nikarudi nyuma hatua moja, kwenye majani, kwa sababu mbele ya macho yangu yale yalikuwa majani, uwanja, ardhi, na nikaingia mpaka shingoni. Chini sikupata mahali pa kukanyaga. Mizizi ilinifunga miguu, na kitu laini kikapita katikati ya magoti yangu pole pole kama kinanipima. Wavuvi walinivuta kwa pondo. Nilitoka na kijani kichwani, kipaza sauti kimekufa mkononi, na Amosi ananiuliza ni nani atakilipa, na katika watu wote wale, hata watoto, hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Walinitazama kama kitu kilichotoka ziwani.

Kisha nikaona wanapisha njia. Mama alikuwa anakuja, bado na mwendo ule ule. Hakunitazama. Alifika kwa Ngeleja, akainama, akamnyanyua Minza, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kanga yake, fundo kifuani, kama alivyonifunga mimi. Akazungumza Kisukuma, si kwa sauti kubwa, na kila mtu akasikia.

"Aliyeniinua ameniambia huyu nimbebe mimi. Tunakwenda mjini akaongezwe damu."

Ngeleja aliacha sufuria yake juu ya mawe matatu, moto ukiwa umewaka. "Ndiyo, mayu," akasema, akachukua gunia akamfuata.

"Na wenye wagonjwa wote," mama akasema, "zimeni moto."

Wakazima. Nimepatana bei na watu maisha yangu yote, nimeapa, nimelia machozi mbele ya wateja, na sijawahi kuona neno moja likinunua kiasi kile. Wale mahututi walijaa lori letu, lori la pili lililoleta unga na soda likashushwa mizigo yake mchangani likajaa, na wenzetu wa Nyegezi wakarudi kwa miguu mpaka barabarani. Mama alikuwa ameshapanda lori la kwanza. Aliniita kutoka juu, mara moja tu. "Mabula, panda. Damu itatoka kwako."

Ilitoka kwangu. Mganga wa hospitali aliniuliza haya majani masikioni ni ya nini. Nikamwambia ni televisheni.

Basi mtu angefikiri yameishia hapo. Wiki iliyofuata, mama akiwa bado kwetu Nyegezi akipumzika, Mama Suzi alifungua mlango asubuhi na kuufunga tena. "Njoo uone," akasema. Nje ya nyumba yetu kulikuwa na watu wamekaa chini, kimya, na mikeka yao. Asubuhi iliyofuata walikuwa zaidi. Sikuwahesabu, hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimeona watu wengi nikakataa kuhesabu. Mama alikuwa anatoka, anapita, anagusa kila mmoja kichwani, anasema "Hospitali," kila mmoja neno hilo hilo, na wanainuka wanakwenda. Wateja wangu waliacha kuja kibandani, ila wachache waliokuja kunitazama tu, kisha wananong'ona. Mwalimu Elisha alinyoa ndevu, akahamia kwaya ya kanisa lingine. Kipindi kile hatukukiona. Amosi alipeleka salamu kwamba mkanda wa sehemu ya jioni ulitoka mweusi, betri pengine, au unyevu.

Siku moja tulipobaki wawili nilimuuliza mama.

"Mayu, tulipatana mara ya tatu. Kwa nini uliinuka mara ya kwanza?"

Alikuwa anachambua mchele. "Miguu ilikufa tangu mchana," akasema. "Ulinifinya. Nilikuona ukinifinya, sikusikia kitu. Nikalala pale nikasema, basi, nilimwambia Mabula ugonjwa unasikia. Nilivyoitwa nilijua nitabaki chini nikuaibishe. Nikashangaa niko juu."

"Mtu akifungwa miguu kutwa nzima mkekani lazima ife ganzi. Damu inakuwa haipiti."

"Haya, daktari," akasema, akaendelea na mchele.

Ngeleja alirudi baada ya mwezi hivi, na Minza anatembea mwenyewe, amebeba kichwani kifurushi cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Mama alikuwa ameshakwenda Kisesa. Ilibidi nimkaribishe mimi. Yule mtoto aliniamkia shikamoo, nikaitika, nikaangalia viganja vyake. Vilikuwa na rangi, si nyingi.

Ngeleja hakukaa. "Hospitali walisema tumrudishe leo," akasema. "Wamchunguze tena, na dawa zingine za miezi. Mimi nikawaza, mtoto amepona, dawa za nini? Lakini mama yako alisema niwasikilize wale waganga mpaka mwisho, kwamba ndivyo alivyoambiwa. Sasa nataka unijibu wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyepanda juu ya jiwe. Kama mama yako hakuponywa, basi hakuna aliyemwambia kitu, na mimi narudi zangu Sengerema na feri ya mchana. Kama aliponywa, tunakwenda. Sema."

Mama Suzi alikuwa amesimama mlangoni. Majirani wawili walikuwa wameacha kufua. Minza alikuwa anatafuna kipande cha mchembe, anapumua kwa mdomo, na nikaona ile pumzi bado ina haraka kidogo, si kama zamani, kidogo tu.

Nilikuwa nimeshajiapiza mambo mawili baada ya Kigongo: kwamba sitamlaza tena mtu asiyeumwa mkekani kwa sababu ya kitu chochote, hata waniahidi blanketi la manyoya, na kwamba nikifika mahali watu wameona jambo lao, sitapanda tena juu ya jiwe kuwaeleza walichokiona. Hivyo viapo vyote viwili nimevitunza.

"Aliponywa," nikamwambia. "Nilikuwepo, nilimwona."

"Mguu ulikuwa umekufa kweli?"

"Niliushika mwenyewe. Ulikuwa baridi."

Akamshika Minza mkono wakaelekea kituoni kutafuta gari la mjini. Mimi nilibaki pale na michembe yangu. Nimeuza nguo miaka mingi, sauti yangu inapodanganya naifahamu, inapanda kidogo mwishoni, na huwa naisikiliza ili isizidi. Siku ile niliisikiliza vizuri nikiwa nazungumza na Ngeleja. Haikupanda.